Maswali ya Wasomaji: Vipande Chini ya Meza, Balo la Mitumba na Ujira wa Fundi

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za Dar es Salaam, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu atajengaje kazi ya ubunifu wa mavazi bila kujaza dampo la Pugu na bila kumnyonya fundi wa jirani? Tumechagua saba na kuzifupisha. Bei zilizomo ni mifano ya hesabu tu. Ingia Kariakoo na daftari lako, uweke zako.

Shikamooni. Nina miaka ishirini na miwili, naishi Tandika, nimemaliza kidato cha nne. Nataka kuwa mbunifu wa nguo zisizoharibu mazingira na zinazowapa watu wa mtaani kwetu kazi. Kuna wanaosema niende chuo, kuna wanaosema ubunifu ni kipaji tu. Nianze na lipi?

Marahaba mwanetu. Anza na cherehani, na kwenye cherehani anza na marekebisho: kupunguza viuno, kubadili zipu, kurefusha pindo, kuziba mapaja ya suruali. Wengi wanaikimbia kazi hii kwa kuiona ndogo, lakini ndiyo inayokuonyesha nguo hufia wapi. Baada ya miezi sita utakuwa umejua kwamba suruali hufa mapajani, gauni hufa kwapani na kwenye zipu, shati hufa kwenye kola. Hapo ukibuni nguo yako utaacha akiba ya sentimita 2.5 ubavuni badala ya 1, ili mwenyewe akinenepa ipanuliwe na siyo kutupwa. Hiyo sentimita moja na nusu inahifadhi mazingira kuliko kibandiko cha kijani kwenye lebo.

Chuo kina faida yake, hasa katika kutengeneza violezo vya karatasi na kuvikuza kwa saizi, jambo ambalo mafundi wengi wa barazani hulikisia kwa macho. VETA Chang'ombe wanafundisha ushonaji. Kama ulishajifunza kwa fundi, VETA wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa hiyo huna haja ya kurudi kufundishwa kutia uzi sindanoni. Wala usidhani mlango ni mmoja: mbunifu Mustafa Hassanali, aliyeanzisha maonyesho ya Swahili Fashion Week mwaka 2008, alisomea udaktari.

Kuhusu jukwaa, usiharakishe. Onyesho la mavazi linakula fedha: nguo za wanamitindo haziuziki kwa urahisi kwa sababu zimekatwa kwa miili yao, na vitambaa vyake vingi hubaki kabatini. Kwanza uwe na nguo moja unayoijua kama jina lako, uiuze kwa watu ishirini wa maumbo tofauti, usikilize inabana wapi. Karatasi za biashara zina mfuatano wake: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi TRA, kisha leseni manispaa. Na ukitaka nembo yako ilindwe, alama ya biashara husajiliwa kivyake, pia BRELA. Kusajili jina la biashara peke yake hakukupi ulinzi huo.

Mimi ni fundi wa Mbagala. Kila nikikata magauni ya kitenge nabaki na mfuko mzima wa vipande, na mwisho wake nawasha moto nyuma ya nyumba. Nimesikia kuna ukataji usiobakisha kitu. Inawezekana kweli kwa nguo ambayo mtu ataivaa mjini?

Kwanza huo moto uache, hasa kama ndani yake mna poliesta. Moshi wake ni wa plastiki na watoto wa jirani ndio wanaouvuta.

Inawezekana, na ujuzi wake tunao siku zote. Tazama kanzu ilivyokatwa: badani, yaani kiwiliwili cha nguo, ni mstatili, mikono ni mistatili, taharizi za pembeni hukatwa mbili mbili kwa mkato wa mshazari ndani ya mstatili mmoja, kikwapa ni mraba mdogo wa kwapani. Dera nalo ni hivyo hivyo. Babu zetu walikata hivyo kwa sababu kitambaa kilikuwa ghali. Hasara ilikuja na mishono ya kubana mwili, yenye mikunjo ya mashimo ya mikono na mabega ya mviringo. Kwenye viwanda vya nguo, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kama asilimia 15 ya kitambaa hubaki chini ya meza.

Huu hapa mkato mmoja wa blauzi pana kwa yadi 2 za kitenge cha pamba. Yadi 2 ni sentimita 183. Kifue kwanza, kwa sababu kitenge cha pamba hupungua asilimia 3 hadi 5 baada ya kutoa wanga. Tuseme baada ya kufua, kukausha na kupiga pasi umebaki na urefu wa 176 na upana wa 110.

Gawa upana mara mbili: ukanda wa 60 na ukanda wa 50, yote ikienda urefu mzima.

Kutoka ukanda wa 60, pima 140: hiyo ndiyo badani, inakunjwa begani, mbele 70 na nyuma 70. Itamtosha mtu wa kifua hadi 100, maana ukishona pembeni kwa sentimita 1.5 unabaki na mzunguko wa 114. Kipande cha 60 kwa 36 kilichosalia kigawe katikati. Nusu ya kwanza inatoa kaba ya shingo ya 30 kwa 30 na utepe wa 30 kwa 6 wa kutengenezea kitanzi cha kutundikia. Nusu ya pili inatoa vikwapa viwili vya 12 kwa 12 na mfuko wa ubavuni wa 30 kwa 24. Kinachobaki ni kipande cha 12 kwa 6, nacho weka lebo.

Kutoka ukanda wa 50, kata mikono miwili, kila mmoja 40. Hiyo ni 80. Umebaki na 96: kata 80 ukunje iwe mfuko wa kubebea wenye kina cha 40, na 16 ya mwisho igawe vishikio viwili vya upana wa 8, uvikunje mara nne. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mteja anauhitaji mfuko huo, na wewe hununui wa karatasi.

Shingo: upana 18, nyuma ishuke 3, mbele ishuke 9, kisha mpasuo wa 8 katikati. Usianze na shingo kubwa. Shimo likizidi bega linateleza na hakuna dawa yake isipokuwa lastiki, na lastiki inaua mshono mzima. Shona kaba kwanza nguo ikiwa bado imelala wazi, halafu mikono, halafu vikwapa, ndipo ufunge mikono na mbavu kwa mshono mmoja. Pembeni chini acha mpasuo wa 20 kila upande, la sivyo mwenye makalio atashindwa kukaa kwenye daladala.

Makosa yako mawili. La kwanza ni kikwapa: fundi akiona kazi ya kona nne inamchosha anakiacha, na blauzi inachanika kwapani ndani ya mwezi kwa sababu mkono ukiinuka hakuna pa kuvutia. Anza kila kona sentimita 1.5 kutoka ukingoni, simamisha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza. La pili ni maua. Ukikunja badani begani, picha zilizosimama mbele zitakuwa kichwa chini nyuma. Kwa duara na mistari haidhuru. Kwa ndege, taa au majani yenye shina, kata begani, geuza kipande cha nyuma, uunge. Utapoteza sentimita 3 za urefu, basi.

Vipande vya magauni mengine vitenganishe siku ileile ya kukata, maana vikishachanganyika hakuna atakayekaa kuvichambua. Mfuko wa kwanza ni vya zaidi ya 30 kwa 30: kola, mifuko, vilemba vya watoto. Wa pili ni vya kiganja, vya pamba tu: gereji zinanunua matambara ya kufutia oili, ila poliesta hawaitaki kwa sababu hainyonyi. Wa tatu ni nyuzi na chenga za kujazia mito ya viti. Chenga zikate fupi kabla ya kujaza, la sivyo mto unafanya mabonge.

Habari za kazi. Muuza vitambaa Kariakoo ananiapia kuwa kitenge ni pamba tupu. Nikikivaa najisikia kama nimevaa nailoni. Nitajuaje kabla ya kununua jora zima?

Omba uzi mbili tatu kutoka ukingoni, mmoja wa urefu na mmoja wa upana, kwa sababu kuna vitambaa vilivyochanganywa kwa upande mmoja tu. Nenda nao pembeni, ushike kwa kibano juu ya bakuli la maji, uwashe kiberiti.

Pamba inashika moto mara moja, inanuka karatasi iliyoungua, na ukiipuliza inaendelea kufuka. Majivu yake ni ya kijivu, laini. Ukiyasugua vidoleni yanapotea. Poliesta inajikunja na kuukimbia moto kabla ya kushika, inayeyuka, inatoa moshi mweusi wenye harufu tamu ya plastiki, na mwisho wake ni kishanga kigumu ambacho hakivunjiki kwa kucha. Usikiguse kikiwa bado kinang'aa, kinaganda kwenye ngozi. Ukipata majivu laini yenye chembe ngumu ndani, ni mchanganyiko.

Ukishajua ni pamba, nunua yadi moja kabla ya jora. Chora mraba wa 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika, fua kama mteja wako atakavyofua, anika juani, piga pasi, pima tena. Ukipata 48 kwa urefu, imepungua asilimia 4. Andika namba hiyo kwenye daftari pamoja na duka na tarehe. Rangi ijaribu kwa kipande cha kanga nyeupe kilicholowa: kiweke juu ya kitenge, kandamiza pasi ya moto sekunde kumi. Kikitoka na rangi, nguo hiyo itamchafulia mtu shati ndani ya beseni, na atarudi kwako.

Mchanganyiko si haramu. Kwa sare za shule unadumu na haukunjamani. Tatizo ni kuuita pamba.

Nataka kutengeneza jaketi na mikoba kwa jinzi za mitumba. Rafiki yangu ananishauri tuchange tununue balo. Mnasemaje? Niko Sinza.

Usinunue balo, dada. Balo la kawaida ni kilo 45, na wewe unahitaji aina moja tu ya kilichomo. Zilizobaki utazibeba wewe. Nenda Karume, Ilala, uchague moja moja asubuhi. Kwa bei ya kipande utaona ghali, lakini kila unachobeba kinatumika.

Chukua jinzi za kiume, saizi kubwa, kiuno 38 kwenda juu, kwa sababu paja pana ndiyo kitambaa chako. Soma lebo ya ndani. Kama imefutika, vuta kiuno kwa mlalo: ikivutika na kurudi, ina mpira. Jinzi za mpira ziache. Mpira uliochoka unafanya mapovu, na ukiunga kipande chenye mpira na kisicho nao, baada ya kufua mara mbili mshono unakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Kisha iinue juani utazame makalioni na kati ya mapaja. Panapopitisha nuru pameisha, hata kama rangi ingali nzuri. Shika kwa vidole gumba viwili vikiwa karibu, vuta kwa nguvu: ikilia kwa sauti kavu, uzi umekufa.

Nyumbani zifue kwa maji ya moto na sabuni, zianike juani pande zote mbili. Kama utaunga jinzi na kitenge kipya, kitenge nacho kifue mara tatu kwanza. Jinzi imekwisha kupungua huko ilikotoka, kitenge bado.

Kufumua: usijipe adhabu ya kufumua ule mshono wa nyuzi mbili wa mguuni, unaokunja kitambaa ndani ya kitambaa. Mguu mmoja utakula dakika 40. Pitisha mkasi pande zote mbili za mshono, uutoe kama ukanda. Unapoteza sentimita mbili za kitambaa, lakini ukanda wenyewe ndio kishikio cha mkoba, imara kuliko chochote utakachonunua. Mifuko ya nyuma itoe na kitambaa chake cha chini, mzima mzima, ili usione kivuli cheusi cha mahali ilipokuwa.

Cherehani weka sindano 16/100, uzi wa poliesta, hatua ya milimita 3 hadi 3.5. Mahali mishono inapokutana, tabaka hufika sita hadi nane, na hapo ndipo sindano inapokatika na kuruka usoni. Weka kitambaa juu ya ubao, gonga mshono kwa nyundo mpaka ulale, kisha zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono kwa hatua tano sita. Cherehani ndogo ya umeme ya nyumbani haiwezi hilo kila siku. Ile nyeusi ya miguu inaweza.

Ubaya wa mitumba kwa mbunifu hauko sokoni, uko mezani: huna jora. Mteja akiona jaketi kwenye simu na kutaka "kama lile lile," huna. Dawa yake ni kiolezo kimoja chenye vipande vidogo (hakuna kinachozidi upana wa paja, kama sentimita 28), ili umbo libaki lilelile na rangi zibadilike, na umwambie mteja mapema. Muda wa kuchagua, kufua na kukata uingize kwenye bei kama unavyoingiza kitambaa. Wengi hawafanyi hivyo, na ndiyo maana wanachoka ndani ya mwaka.

Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, shirika la viwango. Usiziguse hata kwa ajili ya lastiki. Na wanaosubiri mitumba ipigwe marufuku yote ili wabunifu wa ndani wapumue, wasisubiri wakiwa wamesimama. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia nafasi za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi wakarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia ushuru wake ikaondolewa nafuu ya nguo mwaka 2018.

Nina chapa ndogo Kinondoni na ninawapa kazi mafundi watano wanawake, kila mmoja kwa cherehani yake nyumbani. Nawalipa kwa kipande. Wanalalamika, nami naona hela haibaki. Nani amekosea?

Pengine hesabu imewakosea wote. Tuanze na ujira, kwa sababu huwezi kuita nguo ya kijamii ikiwa anayeishona halipwi muda wake.

Bei ya kipande haipangwi kwa kuuliza mtaa wa pili wanalipa ngapi. Chukua fundi wa kasi ya wastani, siyo yule hodari wako. Ashone nguo tano za aina moja, ukiwa na saa. Ya kwanza itupe nje ya hesabu, hiyo alikuwa anajifunza. Tafuta wastani wa nne zilizobaki. Tuseme dakika 52. Ongeza asilimia 15 ya uzi kukatika, kubadili bobini, kunywa maji na kunyoosha mgongo: karibu dakika 60. Siku ya saa nane ni nguo nane. Kama mmekubaliana siku yake iwe na thamani ya shilingi 16,000, nguo moja ni 2,000. Ukibadili mshono, hata ukiongeza mfuko mmoja tu, pima upya. Malalamiko mengi huanzia hapo: mbunifu anaongeza kifungo na mkunjo kila wiki, bei inabaki ya mwezi uliopita.

Umeme ukikatika, anayelipwa kwa kipande ndiye anayebeba hasara yote. Wekeni kiwango cha chini cha siku mliyompa kazi. Nguo ikiharibika, kabla ya kumkata mtu, tazama kosa ni la nani: mkono mmoja mrefu kuliko mwingine mara nyingi ni kosa la mkataji, yaani wewe. Kila fungu liende na karatasi yenye idadi, saizi, tarehe na jina la aliyekata. Ukiwaleta kwenye karakana yako na kuwaajiri, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na huwezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo.

Sasa kwa nini hela haibaki. Chukua gauni: kitambaa yadi 3 kwa 5,000 ni 15,000. Zipu, uzi na bitana 4,000. Kazi ya saa 4 kwa 2,000 ni 8,000. Pango, umeme na nauli za mwezi, tuseme 300,000 kwa nguo 100, ni 3,000. Jumla 30,000. Unataka faida ya asilimia 40, basi mkononi uingie 42,000. Duka linalokuuzia linachukua asilimia 30. Hapa ndipo penye shimo: wengi huongeza asilimia 30 juu ya 42,000 na kuandika 54,600. Duka likikata asilimia 30 ya 54,600, ambayo ni 16,380, wewe unabaki na 38,220. Umepoteza 3,780 kwa kila gauni, na pengine umezitafuta kwenye ujira wa fundi. Njia sahihi ni kugawa: 42,000 kwa 0.7, unapata 60,000. Kama soko halibebi 60,000, punguza mkato au zipu, siyo ujira.

Wakijiunga kama kikundi kilichosajiliwa, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata waulize mkopo usio na riba wa halmashauri: unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Ovaloki moja ya kikundi inaondoa safari za kwenda kulipia kupiga ovaloki kwa mtu mwingine, na hilo peke yake linabadili hesabu ya siku.

Natia rangi vitambaa kwa maganda ya vitunguu, lakini baada ya kufua mara tatu inakuwa kama chai ya maziwa. Pia, je, naruhusiwa kuandika "pamba ya kilimo hai" kwenye lebo? Niko Kigamboni.

Rangi inakimbia kwa sababu pamba haikuandaliwa. Kwa kilo 1 ya kitambaa kikavu: chemsha saa moja na sabuni na gramu 20 za magadi soda, maji yatoke ya njano, suuza. Loweka usiku kucha kwenye chai nyeusi iliyokolea, au maganda ya komamanga. Pamba inahitaji ukakasi huo ndipo shabu ishike, na hii ndiyo hatua inayorukwa. Kisha gramu 150 za shabu iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, loweka tena usiku kucha. Maganda makavu yawe kilo 1, uzito sawa na kitambaa. Wauza vitunguu sokoni wanayafagia na kuyatupa. Chemsha saa moja, chuja, tia kitambaa, moto mdogo dakika 45 bila kutokota, acha kipoe humo humo. Anika kivulini.

Sufuria ya chuma na maji yenye kutu vinatia weusi. Maji ya kisima ya huko kwenu mengi yana chumvi, kwa hiyo fungu zima litumie maji ya chanzo kimoja, la sivyo vitambaa havifanani. Binzari ya manjano iache, jua linaimaliza ndani ya wiki chache.

Lebo: usiandike kama huna karatasi. Kiwango cha GOTS kinachotumika kimataifa kinataka angalau asilimia 95 ya nyuzi za kilimo hai ndipo nguo iitwe hivyo, na asilimia 70 kwa daraja la chini, tena kila kiwanda njiani kiwe kimekaguliwa. Pamba hiyo inalimwa nchini, Meatu mkoani Simiyu, chini ya mpango wa bioRe tangu 1994, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa robota, na usidhani kitenge cha Kariakoo kimetoka huko kwa sababu tu Meatu iko Tanzania. Andika unachoweza kukionyesha: pamba 100%, rangi ya maganda ya vitunguu, kimeshonwa Kigamboni, kifuliwe kwa maji baridi.

Naomba msaada mfupi: nashona gauni la kanga, jina linaniharibia mkato. Nilikate?

Usilikate, kaka. Kanga ina pindo, mji wa katikati na jina, yaani yale maneno yake, na mnunuzi wa Dar atasoma kabla hajatazama mshono. Nusu ya maneno inaweza kuwa tusi. Hata kanga za mwanzo zilikuwa kazi ya kuunga, leso sita zilizoshonwa pamoja tatu kwa mbili, na waliounga walijua kila ukingo uende wapi. Doti moja ni vipande viwili vya kama sentimita 150 kwa 110. Weka pindo refu lenye jina chini ya sketi, moja mbele, moja nyuma, mishono ya pembeni iangukie kwenye mapindo mafupi. Kama mteja ni mfupi, punguza juu, kiunoni, na kipande unachotoa hapo ndicho mkanda.